Pesa za sola ziko Baku, sisi tuko Kizingitini: namna ya kuzifikia

Kuna friza mbili nyeupe za sola zimekaa upande wa wauza samaki zimeshika kutu, moja saa hizi ni kabati la nyavu. Zililetwa na mradi, siku ya kufungua kulikuwa na hotuba na pilau, mwaka na miezi miwili baadae betri zikafa na aliyezileta simu hashiki tena. Nilipanda juu ya paa kuangalia kumeharibika nini, nikashika bolti ya paneli ikamenyeka mkononi kama biskuti iliyolowa chai. Chuma cha kawaida, hatua chache kutoka kwa maji ya chumvi! Niliumia sana manake wavuvi wetu bado wananunua barafu ya mbali, na samaki akiharibika hasara ni ya aliyelala baharini. Tangu hapo nimefuatilia hizi pesa za kimataifa zinatoka wapi na zinapitia mlango gani, na nataka kila kikundi cha uvuvi huku Lamu kijue.

Kwanza jueni pesa zenyewe. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Dubai, Disemba 2023, nchi karibu 200 zilikubaliana dunia iongeze nishati jadidifu, yaani kama ya jua na upepo, mara tatu ifikapo 2030. Mwaka uliofuata, mkutano huo ukiwa Baku, Azerbaijan, nchi tajiri zikaahidi kuongoza kutafuta dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035 kwa nchi zinazoendelea. Ni ahadi tu hizo, na zinaposhuka hazishuki kwa njia moja, ndo watu wanapopotea.

Kuna za miradi mikubwa kama ile sola ya Langobaya kule Malindi, megawati 40, imewashwa mwisho wa 2021 na Globeleq ya Uingereza kwa mikopo ya mashirika ya serikali za Uingereza na Ujerumani. Umeme wake unauziwa Kenya Power, pale kikundi hakina cha kuomba. Kuna KOSAP, mradi wa serikali wa kupeleka sola kusikofika gridi ya taifa, dola milioni 150 za Benki ya Dunia kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Lamu na Kilifi zote zimo, lakini vijiji vya gridi ndogo, yaani vya kuwekewa mtambo wao wa umeme, huchaguliwa na serikali, kwa hivyo kazi yenu ni kwenda ofisi ya kawi ya kaunti kuuliza kama kijiji chenu kimo kwenye orodha na kama hakimo ni kwa nini. Na kuna ule Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wenye makao Songdo, Korea Kusini, ambao vijana wengi wanauandikia barua pepe usiku kucha. Acheni. Mfuko huo hupitisha pesa kwa taasisi zilizoidhinishwa peke yake, hapa kwetu mojawapo ni NEMA, mamlaka ya mazingira, kikundi hakipokelewi moja kwa moja.

Milango yenu ni miwili. Wa kwanza ni FLLoCA, mpango wa serikali wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, pesa za Benki ya Dunia pamoja na Ujerumani, Denmark na Sweden zinazopitia kaunti, na huko chini kuna kamati ya tabianchi ya kila wodi inayokaa na wananchi kupanga miradi gani ipelekwe mbele. Nendeni kwenye hicho kikao, nyinyi na kina mama wanaokaanga samaki, semeni barafu ya sola iandikwe kwenye mpango wa wodi, kisha ombeni kuonyeshwa ilipoandikwa. Msione kikao ni kupoteza muda. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi huku Lamu, megawati 1,050, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni yake Juni 2019 na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Haki ileile iliyozuia makaa ndiyo mnayoshika mkononi mkienda kuitisha sola.

Mlango wa pili ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, ule Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iko tangu 1992, inasimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na inawapa vikundi vya jamii wenyewe, kwa miaka mingi kiwango cha juu kimekuwa dola 50,000 kwa mradi. Huwa wanatangaza wakati wa kupokea maombi na maeneo yanayolengwa, kwa hivyo mkae tayari kabla ya tangazo, sio baada. Tayari ni nini? Cheti cha kikundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, kumbukumbu za mikutano, na barua ya mwenye kiwanja kitakapojengwa kibanda. Hii ya kiwanja msiichukulie poa, huku kwetu ardhi ni maneno.

Sasa hesabu, hapa ndo proposali nyingi hufa. Msiandike "tunaomba sola". Azimeni friza ya aina mnayotaka, ichomekeni kwenye kimita cha umeme siku tatu za joto, muone inakula uniti ngapi. Tuseme moja ni uniti moja na nusu kwa siku, friza nne ni uniti sita. Paneli ya wati 400 kwa masaa matano ya jua la nguvu ni uniti mbili, toa joto, vumbi na waya unabaki na kama moja na nusu. Basi paneli nne zinatosha siku nzuri, lakini mwezi wa sita mawingu yamefunga hazitoshi, andikeni sita. Betri ombeni za lithium, zile za asidi kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakatika kama nusu, na kibanda cha mabati huku kwetu mnakijua kinavyochemka.

Halafu mfuko wa matengenezo. Tufanye betri ni shilingi 300,000 na zitakaa miaka minane, hiyo ni chini ya shilingi 110 kwa siku. Itoke kwenye bei ya barafu, iingie akaunti yake peke yake, mweka hazina asiiguse hata kwa maziko, kwa maziko tuchange kando kama kawaida yetu. Mfadhili akiona hesabu hiyo anaona watu waliokaa wakafikiria.

Kabla ya kusaini mkataba soma na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, sio binamu wa mtu. Iandikwe wazi: bolti ni chuma kisichoshika kutu cha daraja 316, fremu ni alumini, paneli zinatazama kaskazini na zimeinama kidogo mvua izioshe, neno la siri la inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola, mnapewa nyinyi, na vijana wawili wa kijiji, mmoja awe msichana, wanafundishwa hadi wafungue na kufunga wenyewe. Na mzigo uvushwe wakati wa kaskazi, manake kusi ikishika bahari inachafuka na hakuna nahodha mwenye akili atakubali kupakia vioo.