Mtu wako ameanza methadoni? Usianze na mahubiri, anza na asubuhi yake

Kama una ndugu, mume, jirani au mteja ambaye ameanza methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na unaogopa ataacha, soma hii. Mi ni mwelimishaji rika hapa Kampala, yaani nilitumia unga (heroini) mwenyewe miaka kadhaa kisha sasa nawashika wenzangu mkono, na kitu nimeona tena na tena ni kwamba watu wengi hawaachi dawa eti kwa sababu hawataki kupona. Wanaacha kwa sababu Jumanne nauli ilikosekana, au waligombana na mtu pale dirishani kliniki wanapogawa dawa, au kuna msiba kijijini. Siku ya kwanza amekosa, ya pili anaona aibu kurudi, ya tatu arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemkamata na muuza kete anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, sa hapo unategemea nini?

Dawa yenyewe kidogo, halafu tuendelee. Hapa Uganda methadoni ilianza kutolewa 2020 pale hospitali ya Butabika, Tanzania walitutangulia mbali kwa sababu hospitali ya Muhimbili walianza 2011. Ni ya kunywa, kila siku, mtu anakuangalia ukimeza. Unga unaisha mwilini baada ya masaa machache ndo maana mtumiaji anahangaika kutwa mara tatu mara nne, methadoni inashika siku nzima na zaidi. Kwa hiyo jirani akikuambia "huyo amebadilisha tu sumu na sumu" mwambie hivi, mtu anayehangaika mara nne kwa siku hawezi kwenda kazini, anayekunywa mara moja asubuhi anaweza. Ukishasema hivyo usibishane tena, mjadala wa jirani hauishi.

Sasa dozi inaanza chini, miligramu 20 au 30 hivi, inapandishwa polepole na watu wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Hapa ndo pabaya. Hizo wiki za mwanzo mtu bado analowa jasho usiku, mifupa inauma, anasema dawa hii haifanyi kazi, anaongezea unga juu yake, au waragi (pombe kali), au valium (vidonge vya kutuliza), na vyote hivyo vikikutana na methadoni mtu analala na pumzi inapungua hadi inakata. Wiki 4 za kwanza za matibabu, na wiki 4 za kwanza baada ya mtu kuacha, ndo hatari ya kufa iko juu zaidi. Kwa hiyo kama una nguvu kidogo na watu wengi wa kuwasaidia, nguvu zako zote peleka hapo, mwezi wa kwanza, yule wa mwaka wa pili anaweza kukusubiri.

Na kabla hujamwita mtu mkaidi, uliza dozi yake na uliza anakunywa dawa gani nyingine. Hili nalisema kwa uchungu. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kisenyi alikuwa anakuja vizuri tu, ghafla akaanza kukosa, akija macho yanatoka maji na pua inachuruzika, sisi tukaona ah huyu amerudi kijiweni, tukamkalisha, tukampa maneno wiki mbili nzima. Kumbe ameanza dawa za TB. Rifampisini, moja ya dawa hizo za TB, inaifanya methadoni iishe haraka mwilini, yaani dozi iliyokuwa inamtosha jana leo haimtoshi, na kwa sababu TB anachukua kliniki nyingine hakuna mtu alimuuliza, na mimi ni mmoja wa hao ambao hatukuuliza. Dozi ilipopandishwa akatulia. Hata baadhi ya ARV za zamani kama efavirenzi zinafanya hivyo hivyo, dolutegraviri haina shida hiyo sana. Maneno matamu hayawezi kujaza dozi iliyopungua.

Haya, asubuhi. Kaa naye jioni, si asubuhi yenyewe, jioni, na umuulize vitu vidogo vidogo kama vile unamuuliza dereva njia. Unaamka saa ngapi? Nani anakuamsha? Ukitoka mlangoni unashika kulia ama kushoto? Unapita kwa nani? Mama mmoja wa Bwaise tuliongea hivyo tukagundua kila asubuhi akienda stage lazima apite mbele ya mlango wa mtu aliyekuwa anamuuzia. Hakuna ushauri wowote ungeshinda ule mlango. Tukatafuta njia ya nyuma kwenye mfereji, inanuka lakini inafika, na kwenye daftari la mtoto wake akaandika kwa mkono wake: "Akiniita kwa jina, nanyanyua mkono, sisimami, napanda boda." Akakata ile karatasi akaibandika ndani ya mlango. Ndo mtindo wenyewe huo, "likitokea hili, nafanya hili", na liwe dogo na la mwili, mkono, mguu, boda. Usimwandikie "nitakuwa na msimamo". Msimamo hauna miguu.

Nauli nayo. Mwezi wa kwanza usimpe ya wiki nzima kwa mpigo, si kwamba ni mwizi, ni kwamba elfu kumi mfukoni saa mbili usiku na arosto inapiga hodi ni mtihani ambao hata mimi ningefeli. Tenga ya kesho jioni hii, weka kwenye kopo lake peke yake. Ama ongea na boda mmoja wa pale stage anayeaminika, mlipe kwa mobile money, yeye kazi yake ni kuja saa 12 na nusu na kupiga honi. Na kama kuna wawili wanatoka mtaa mmoja waende pamoja, ni rahisi kujidanganya mwenyewe lakini mtu akikusubiri nje na koti amevaa unatoka tu.

Zawadi zinafanya kazi, najua wengine hawapendi kusikia, wanasema kwa nini umlipe mtu kwa kujitunza mwenyewe. Lakini hii imefanyiwa utafiti miaka mingi. Nancy Petry, mtafiti wa kule Connecticut Marekani, alikuwa na bakuli la vikaratasi, mtu akifanya alichoahidi anachota, na karibu nusu ya vikaratasi vilikuwa havina zawadi, vimeandikwa hongera tu. Nusu! Na bado watu walikuja. Sisi tulitumia kopo la aiskrimu. Vikaratasi 100, 50 "hongera", vingine sabuni, chumvi, kiberiti, airtime ya buku moja, vichache kilo ya sukari, na kimoja tu sufuria. Kanuni zake ni chache lakini usizichezee: zawadi itoke siku hiyo hiyo si mwisho wa mwezi, wiki ya kwanza akija siku zote anachota mara 1, wiki ya pili mara 2, ya tatu mara 3, akikosa anarudi kwenye 1 lakini kopo hafungiwi. Na zawadi ni kwa kuja, kitu unachoweza kuhesabu, si kwa "kuwa na tabia nzuri" maana hapo mtoa zawadi anaanza kupendelea na ugomvi unaingia. Usitoe pesa taslimu. Nakumbuka siku ile sufuria ilipotoka, mwenye nayo aliivaa kichwani kama kofia hadi kwenye taxi.

Maongezi. Kuna mtindo ambao wanasaikolojia Miller na Rollnick ndo waliueneza, kwamba mtu akisikia sababu kutoka mdomoni mwake mwenyewe anazishika kuliko zako. Mtu amekosa siku mbili, amerudi, amesimama pale hataki kukuangalia. Ukisema "kwa nini hukuja, unataka kufa?" atakuambia uongo, alikuwa na malaria. Jaribu hivi:

"Karibu kaka, tumekukosa. Leo umewezaje kufika?"

"Nimetembea tu."

"Kutoka Katwe kwa miguu? Hiyo safari si ndogo. Nini kilikusukuma?"

Hapo nyamaza. Nyamaza hata kama inakuwasha. Baadaye muulize, kutoka 0 hadi 10 kuendelea na dawa kwako ni muhimu kiasi gani. Akisema 4 usimuulize kwa nini si 9, muulize kwa nini si 1, maana ukiuliza kwa nini si 9 anakutajia matatizo, ukiuliza kwa nini si 1 anakutajia sababu za kubaki. Mmoja aliniambia "kwa sababu mtoto ameanza tena kulala karibu na mimi." Nikaandika vile vile, neno kwa neno, na siku akiyumba namrudishia maneno yake, siongezi langu.

Halafu kuna kosa ambalo nimeliona kwenye kliniki moja, siitaji, mtu ananyimwa dozi hadi ahudhurie kikundi cha kaunseling. Hapana. Mwongozo wa WHO wa 2009 unasema msaada wa kisaikolojia utolewe kwa kila mtu lakini anayeukataa asinyimwe dawa. Mnyime dozi leo, kesho kikundi utafanya na viti.

Mitego mingine ijue mapema. Msiba, maana wote tunazika kijijini na habari inakuja usiku: mfundishe aseme kliniki kabla hajapanda basi, hata kwa simu, wamwambie inawezekana nini, asiende tu akidhani atarudi Jumatatu. Ramadhani, hii ni kubwa kwa watu wetu, kunywa dozi mchana kunafungua saumu, kwa hiyo wiki mbili kabla ya mwezi kuandama kaeni na sheikh na nesi mzungumze masaa, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi kwenye Surat al-Baqara, asiamue peke yake kuacha mwezi mzima. Polisi: atembee na kadi ya kliniki na namba ya kaunsela aikariri kichwani, simu huwa inachukuliwa kwanza.

Na akikosa siku, asirudi kimya kimya kudai dozi ile ile. Siku 3 au zaidi mwili umeanza kusahau, lazima aangaliwe upya na dozi ishushwe, 5 na kuendelea mara nyingi anaanza karibu na mwanzo. Mwambie hili kabla halijatokea, ili siku likitokea asione ni adhabu. Nyumbani mfundishe mtu mmoja dalili mbaya, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki ukimtikisa: mlazeni ubavu, naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha) kama ipo, hospitali mbio, hakuna kumwagia maji wala maziwa.

Kitu cha mwisho ni simu. Jua dirisha lenu linafungwa saa ngapi, kisha mtu mmoja tu, si ukoo mzima, awe na kazi ya kuangalia daftari la mahudhurio masaa mawili kabla. Jina halina tiki, unatuma meseji, fupi. Mimi natuma hivi: "Kaka, bado kuna muda. Boda yuko nje kwako, nimeshalipa. Hakuna mtu amekasirika." Nusu ya wakati hajibu, lakini boda ananipigia ananiambia ndo anavaa viatu.