Somo: Kuziba mfereji unaovuja ili chumvi isirudi shambani na mtoni

Ndugu wanaskimu ya umwagiliaji wa bonde la Usangu, anayelima majaruba ya mwisho anaujua ule unga mweupe unaotokea udongo ukikauka, kama mtu kamwaga majivu. Mpunga hapo unadumaa, ncha za majani zinaungua, na mwenye shamba anaongeza mbolea bila kupata kitu.

Maji ya mito yetu ya Kimani, Chimala na Mbarali yanateremka yakiwa matamu. Lakini hata maji matamu yana chumvi kidogo. Lita 1,000 zikibeba gramu 100 tu, eka iliyokunywa lita milioni 4 kwa msimu imewekewa kilo 400. Jua linachukua maji, chumvi inabaki.

Mfereji unaovuja unazidisha shida. Maji yanazama, yanaokota chumvi iliyolala chini, kisha yanapanda hadi kwenye mizizi. Mengine yanapenya hadi mtoni na chumvi yake, na wa chini ndiye anayeyapokea. Huko Marekani, bonde la Grand Valley liliupelekea mto Colorado chumvi nyingi kwa njia hii, na dawa ikawa kusakafia mifereji na kuweka mabomba.

Anza kwa kupima. Chagua kipande cha mita 30, ziba pande zote mbili kwa viroba vya udongo, jaza maji, simika kijiti chenye alama za sentimita. Rudi baada ya saa 24. Kama upana ni mita 1 na maji yameshuka sentimita 12, zimepotea lita 3,600, na jua halikuchukua hata sentimita 1 kati ya hizo 12. Rudia sehemu tatu au nne. Penye mchanga na penye tuta la kujaza ndipo panapokunywa sana, basi anzieni hapo.

Kuziba kwenyewe kunataka subira. Ng'oa magugu na mizizi yote, kwangua mchanga. Leta udongo wa mfinyanzi. Wa kichuguu unafaa sana. Ule mweusi wa mbuga uacheni, ukikauka unapasuka. Ulowanishe kiasi, uviringishe kiganjani: ukifanya kamba isiyokatika, uko tayari. Tandaza sentimita 15, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo uweke tabaka la pili. Sisi mwanzoni tulikimbilia saruji juu ya udongo usioshindiliwa. Msimu mmoja tu sakafu ikapasuka, michango ya watu ikazama na maji. Bado inaniuma.

Vigawa maji viwekewe mbao zinazofungwa usiku. Na msisahau mtaro wa kutoa maji, wenye kina cha mita 1 hivi, usiorudi kwenye mfereji. Bila mtaro huo chumvi haina pa kwenda.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Jaruba langu limeshakuwa jeupe, nifanyeje?*
Marahaba mwanangu. Tia bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Kesho yake maji yakiwa meupe kama tui, hayo ni magadi. Yanataka jasi (gypsum), na kipimo chake umwone bwana shamba. Yakibaki safi, ni chumvi ya kawaida: jaza jaruba, acha maji yazame, yatoke kwa mtaro, rudia.

*Nikihamia maharage nitapona?*
Hapana, ndugu yangu, utaumia zaidi. Maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikifika desisimensi 1 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi; namba ikipanda, chumvi imezidi), mahindi 1.7, mpunga 3. Kwenye chumvi, mpunga ndio mvumilivu kati ya hayo.

*Maji tutakayookoa, tufungue majaruba mapya?*
Hili nakuomba, kaka, tulifikirie kwa moyo. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji yetu, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanayosubiri maji yaleyale. Ukiongeza majaruba, umeongeza jua la kunywa maji, na kidogo kitakachorudi mtoni kitakuwa na chumvi kali zaidi. Mfereji ukishazibwa, pimeni tena kwa kijiti kilekile, halafu teremsheni lango la banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, kwa kiasi mlichookoa. Maji hayo yaacheni yapite.