Kabla ya safari ndefu ya gari ukiwa na ulemavu wa viungo

Safari ikikaribia kila mtu anakumbuka gari. Oili imebadilishwa, matairi yamekaguliwa, spea ina upepo, jeki ipo. Vizuri. Lakini kama unatumia kiti mwendo, magongo au kalipa (vyuma vya kushikilia mguu), hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni mwili wako, na huo hakuna gereji itakayoukagua. Nitazungumzia njia ya Dar es Salaam kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500, kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo inayojaa watu kila Desemba. Wewe wa Mbeya au Mwanza ongeza saa, mambo ni yale yale.

Leseni, stika, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto: hakikisha vipo, tusikae hapo. Kwenye bima naongeza neno moja tu. Kama gari limefungwa vifaa vya kuendeshea kwa mkono, kampuni ijulishwe kwa maandishi.

Na wewe unayeendesha kwa mkono, usiondoke kabla mtu hajaingia chini ya dashibodi na tochi. Vifaa vingi vya kwetu vimechomelewa na fundi wa mtaani: fimbo moja imeshika pedeli ya breki, nyingine ya mafuta, ukisukuma unasimama, ukivuta unaondoka. Havina ubaya vikifungwa sawasawa. Kinacholegea ni viungio. Aangalie kila nati, kila pini, na kila mahali palipochomelewa kama pana ufa. Kisha gari likiwa limesimama, sukuma breki kwa nguvu zako zote, mara kadhaa, kama vile mtoto amekatiza mbele yako. Ujue pia kwamba injini ikizimika gari likiwa kwenye mwendo, breki itakusaidia mara moja au mbili tu, baada ya hapo inakuwa ngumu sana kwa mkono, na usukani nao unakuwa mzito. Likizima, sukuma mara moja na ushikilie hapo hapo mpaka gari lisimame. Usiachie ukarudia.

Wanaokubeba wafundishwe nyumbani, siyo stendi. Watu wetu wana moyo, ukifika tu wanakuja wanne, kila mmoja anavuta kiungo chake. Kataa kuvutwa mkono, kataa kuning'inizwa kwa makwapa, hasa kama ulipata kiharusi na bega limelegea, maana linaweza kuteguka pale pale. Wawili wanatosha. Kama mabega yako ni mazima, wa nyuma anapitisha mikono chini ya makwapa yako na kushika mikono yako uliyoikunja kifuani, wa mbele anashika chini ya magoti, na anayehesabu ni wewe. Gari lenye kiti cha chini kama IST ni rahisi kuhamia kutoka kwenye kiti mwendo kuliko Noah, kwa hiyo ukiulizwa waje na gari gani, sema. Kiti chenyewe kikilala ndani ya gari, kifungwe kamba. Kikiwa huru, breki moja ya ghafla kinaruka kwenye vichwa vya watu.

Choo. Usikubali kuambiwa "sheli zote zina choo". Pima upana wa kiti chako mwenyewe kwa futi, halafu piga simu kwenye hoteli au kituo unachotegemea kusimama uulize upana wa mlango na kama ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Hata hivyo beba chupa yako ya mkojo, sabuni, maji na kanga mbili za kuziba madirisha. Na tafadhali sana, usiache kunywa maji ili usisumbue wenzako. Wengi wetu tunafanya hivyo, na tunafika na maambukizi ya mkojo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulichukulia dogo.

Kuna kaka mmoja niliyesafiri naye, aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya pikipiki, hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikaa mbele. Mto wake wa kiti mwendo ukatiwa buti pamoja na kiti, kwa sababu siti ya gari ilionekana laini ya kutosha. Mahali fulani baada ya Chalinze chaja ya simu ilidondoka ikaingia chini yake. Hakuna aliyeona. Yeye alikuwa anasimulia na kucheka. Tukapita Segera, Korogwe, Mombo, na kila tuliposimama alisema endeleeni kula, mimi niko sawa, kwa sababu kushuka kwake ni kazi na hakutaka kutuchelewesha. Usiku mkewe alipomvua suruali, alama za vyuma vitatu vya chaja zilikuwa zimejichora kwenye kalio, penye mfupa wa kukalia. Shemeji akabonyeza kwa kidole. Pale palikuwa peusi kuliko ngozi ya pembeni, pagumu, pa moto, na hapakubadilika alipoachia. Watu wakasema kesho patakuwa pamepona. Sikukuu ikaendelea, akapakalia kanisani, akapakalia sebuleni, akapakalia njia nzima ya kurudi. Januari pakafunguka shimo. Vidonda hivi mara nyingi huanzia ndani, nyama iliyobanwa kwenye mfupa inakufa kwanza na ngozi inafuata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo ukikiona tayari ni kirefu. Alilala kifudifudi kwa miezi, kazi ikasimama, ada za watoto zikalipwa na ndugu. Kwa chaja ya simu.

Kwa hiyo: toa kila kitu mifuko ya nyuma, funguo, pochi, sarafu. Kaa juu ya mto wako mwenyewe, ukihakikisha kichwa hakigusi paa na mkanda bado unapita kwenye nyonga. Kabla gari halijaondoka, na baada ya kila kituo, mtu apitishe mkono chini na nyuma yako. Simu ilie kila nusu saa. Ikilia, jiinue kwa mikono au lala upande mmoja kisha mwingine kwa dakika moja au mbili. Kama unaendesha, weka gari pembeni kwanza. Kila baada ya saa mbili, simameni na ushuke. Usiku angalia ngozi kwa kioo au kamera ya simu. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, tafuta palipo pa moto, pagumu au peusi zaidi, na ukipapata usipakalie tena mpaka pamerudi kawaida, hata kama ni siku ya harusi.

Miguu nayo isiguse sakafu ya gari bila viatu. Sakafu inapata moto kutokana na bomba la moshi linalopita chini, na usipohisi utaungua.

Walioumia uti wa mgongo kuanzia katikati ya kifua kwenda juu, wenzenu ndani ya gari wajue hili kabla ya kuwasha injini: kichwa kikianza kugonga ghafla na uso kutoka jasho, hiyo siyo malaria wala jua. Presha imepanda, na mara nyingi sababu ni kibofu kilichojaa. Simamisheni gari, mgonjwa akae wima, legezeni mkanda na nguo, fuateni mpira wa mkojo kwa vidole mpaka mpate ulipojikunja au ulipokaliwa. Isipotulia, hospitali mara moja. Dawa ya maumivu siyo jibu.

Dawa zako zikae mkononi, siyo buti. Beba tyubu na pampu ya kiti mwendo, kitambaa cha kulowesha kwa ajili ya joto, chaji ya akiba. Ondokeni alfajiri, msitembee usiku, na mtu aliyebaki nyumbani ajue mnalala wapi na ampigie nani msipofika.