Nguo chache zinazovalika pamoja
Kabla ya kununua nguo yoyote mpya, toa kabatini zote ulizo nazo, kisha utenge zile ulizozivaa mara kwa mara katika mwezi uliopita, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonyesha mtindo wako halisi, wala si zile unazotamani tu kuonekana nazo. Chunguza rangi, mshono na aina ya kitambaa vinavyojirudia. Ukigundua, kwa mfano, kwamba unapendelea bluu nzito na mashati yasiyobana, huo ndio msingi wako, hata kama washauri wa mitindo wanasisitiza nyeusi na nyeupe, ushauri ambao kwa maoni yangu huwafanya watu wengi wafanane.

Juu ya msingi huo, chagua rangi 2 au 3 tulivu zinazopatana, pamoja na moja iliyochangamka. Mashati 5, suruali au sketi 4 na jaketi 2 hutoa michanganyiko 40, mradi kila kipande kiendane na vingine vyote, na sharti hilo ndilo gumu. Mnamo mwaka 1985, mbunifu wa Marekani Donna Karan alijenga mkusanyo wake juu ya vipande 7 tu. Kwa hiyo, unapojaribu nguo dukani, usijiulize tu kama inakupendeza, bali taja vipande 3 ulivyo navyo nyumbani utakavyoivaa navyo; ukishindwa, iache. Viatu navyo vipitie jaribio hilohilo.