Vizimba vya samaki na wavuvi wa dagaa: namna ya kuwakalisha chini

Nimetoka kwenye mwalo mmoja (pale mitumbwi inaposhusha samaki) upande wa Ilemela, Mwanza, Ziwa Victoria, ambako wenye vizimba vya kufugia sato ziwani na wavuvi wa dagaa walikuwa wanakatiana kamba na kuchaniana nyavu. Tulivyofanya ni hivi.

1. Tenga yanayoongeleka. Njia ya mitumbwi na fidia ya wavu yanaongeleka. Nyavu za kokoro na timba hapana, zimepigwa marufuku.

2. Wapate viongozi wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni) na ofisa uvuvi. Kibali cha vizimba kionekane.

3. Kikao kiwe kipindi cha mbalamwezi. Wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauangazi, mvuvi wa dagaa anakesha ziwani, mchana amelala.

4. Jua nani anamsemea nani. Hapa nilipoteza mwezi mzima. Mara ya kwanza niliita matajiri wenye mitumbwi, tukanywa soda, wakasaini. Giza lilipoingia, usiku wa pili tu, kamba tatu za nanga zikakatwa. Vijana wanaokesha majini hawakuwa na habari. Mmoja akaniambia, "Mzee, wewe umepima njia umesimama nchi kavu, tena mchana. Sisi tukishawasha taa, upepo ukigeuka tunashtukia tuko juu ya kizimba."

Kwa hiyo kaa na vijana peke yao, tajiri asiwepo, maana mbele yake wanaitikia tu. Kaa pia na akina mama wanaoanika dagaa. Wao ndio walionionyesha mitumbwi inapopita alfajiri ikirudi imejaa. Ramani mchore mchangani kwa kijiti. Karatasi za manila sizitaki: mwenye kalamu ndiye anayeongea, wengine wanatazama. Mchangani mtu anafuta kwa mguu na kuchora upya. Halafu ingieni ziwani usiku, pande zote mbili kwenye mtumbwi mmoja. Msiporuka hili, umbali mtakaoandika utakuwa wa kweli.

5. Wekeni maboya. Madumu ya njano ya lita 20 yanatosha, ila yabandikeni zile stika za kung'aa za malori, la sivyo usiku hayaonekani.

6. Andikeni ukurasa mmoja: njia iko wapi, wavu ukichanika nani analipa, ndani ya siku ngapi. Nakala moja ibaki serikali ya mtaa.

Kila giza likikaribia napiga simu kuulizia madumu. Mwezi huu mawili hayapo. Kuna mtu anachotea maji.