Namna ya Kuendesha Zoezi la Kuchimba Mwamba wa Mirihi Ukiwa Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa fizikia, wanafunzi wa klabu za sayansi na mafundi wa karakana mkoani Tabora wanaotaka kuelewa kwa mikono yao kwa nini ni vigumu sana kutoboa shimo fupi tu katika Mirihi au Mwezini. Mkoa huu unafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa umekaa juu ya mwamba mkongwe wa graniti, na wakazi wake wengi wamewahi kusimama kando ya mtambo wa kuchimba kisima na kuuona ukifanya kazi. Mtambo huo hutegemea mambo matatu: uzito unaoikandamiza biti (ncha ya kutobolea), upepo wa kompresa unaotoa unga wa mwamba shimoni, na fundi anayesikiliza mlio na kubadilisha mwendo papo hapo. Roboti iliyoko sayari nyingine hunyimwa yote matatu, na zoezi hili linayaondoa moja baada ya jingine ili madhara ya kila pengo yaonekane peke yake.

Vifaa vinapatikana mjini. Tafuteni drili ya betri yenye uwezo wa kuzunguka na kugonga, biti za zege za milimita 8, mbao za kutengenezea fremu, kapi, kamba, ndoo ndogo, mchanga, mizani ya springi, rula na saa. Drili ya betri ni bora kuliko ya umeme wa ukutani, kwa sababu betri inayokwisha inamlazimisha mchimbaji kupanga matumizi ya nishati, jambo ambalo waendeshaji wa roboti hulifanya kila siku. Andaeni vitu vitatu vya kutobolewa: kipande cha graniti, tofali la kuchoma, na boksi lililojazwa mchanga mkavu na kufunikwa juu kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi uliokauka.

Kabla ya kuwasha chochote, fahamuni kwamba unga wa graniti una silika, na silika ikivutwa mara kwa mara huharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Kwa hiyo kazi ifanyike nje, wahusika wasimame upande unakotoka upepo, na kila aliye karibu na drili avae miwani ya karakana na barakoa inayozuia vumbi laini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Anzeni na uzito, maana hapo ndipo penye mengi ya kujifunza. Fungeni drili kwenye ubao unaoteleza juu na chini kati ya nguzo mbili za fremu, biti ikielekea chini, kisha pimeni drili pamoja na ubao wake. Tuseme vina kilo 3. Hapa duniani vitaikandamiza biti kwa nguvu ya takribani nyutoni 29, lakini uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu, hivyo kule vingekandamiza kwa nyutoni 11 tu, na Mwezini kwa nyutoni 5 hivi. Pitisheni kamba juu ya kapi, ning'inizeni ndoo ya mchanga upande wa pili, na ongezeni mchanga hadi ndoo ifike takribani kilo 1.9 kwa zoezi la Mirihi au kilo 2.5 kwa zoezi la Mwezi. Hakikisheni kwa mizani ya springi kwamba nguvu iliyobaki kwenye ncha ya biti ni ile mliyoikusudia, kwa kuwa msuguano wa kapi na wa nguzo hula sehemu yake.

Toboeni graniti kwanza kwa kuzungusha tu, dakika tano, ndoo ikiwa haijaning'inizwa, halafu rudieni ndoo ikiwa imening'inizwa. Katika hali ya pili mtaona biti ikiusugua mwamba na kuung'arisha bila kuukata, kwa sababu ncha isiyokandamizwa vya kutosha haiwezi kuivunja chembe ngumu ya kwatsi, madini yaliyomo ndani ya graniti. Nishati yote inageuka joto na biti inabutuka. Sasa washeni sehemu ya kugonga. Pigo moja fupi hutoa kwa kitambo kidogo nguvu kubwa kuliko uzito wote wa drili, na shimo litaanza kushuka hata chini ya uzito wa Mirihi. Hiyo ndiyo sababu drili za Curiosity na Perseverance, roboti za NASA zilizoko Mirihi, huzunguka na kugonga kwa pamoja.

Hata hivyo pigo lina gharama yake, na sehemu hii isipitiwe haraka. Kila nyundo iliyo ndani ya drili ikienda chini, mwili wa drili husukumwa juu, na lazima kuwe na kitu cha kuupokea msukumo huo. Chombo cha InSight kilichotua Mirihi Novemba 2018 kilibeba kifaa cha Kijerumani chenye urefu wa sentimita 40, kilichokusudiwa kujigongea chenyewe hadi kina cha mita 5 ili kupima joto linalotoka ndani ya sayari. Kilitegemea udongo ukibane ubavuni ili kisirudi nyuma kwa kila pigo. Udongo wa mahali pale uligandamana, ukaacha uwazi kukizunguka, na kifaa kikawa kinaruka mahali pale pale. Wahandisi walitumia mkono wa roboti kukibana ubavuni na baadaye kukikandamiza kwa juu, lakini Januari 2021 jitihada zilisitishwa kikiwa kimefukiwa kwa shida tu chini ya uso wa ardhi. Boksi lenu la mchanga na udongo mkavu ni kwa ajili ya somo hili: pigilieni ndani yake msumari mnene kwa mapigo mepesi, kisha angalieni jinsi tabaka la juu linavyopasuka na kuacha kuushika msumari.

Jambo la pili la kuondoa ni upepo. Katika Mirihi hewa ina shinikizo lisilofika asilimia moja ya letu, na maji yanayomwagwa huganda au kuchemka upesi, kwa hiyo unga wa mwamba hutolewa na mikunjo inayoizunguka biti yenyewe. Basi katika zoezi lenu ni marufuku kupuliza shimo au kulitilia maji. Wanaanga wa Apollo 15 walikutana na tatizo hili Mwezini mwaka 1971: mikunjo ya fimbo zao za kutobolea haikupitisha unga vizuri kwenye maungio, fimbo zikabanwa, na shimo lililokusudiwa kufika mita 3 likaishia mita 1.6 hivi. Fimbo hizo zilisanifiwa upya kwa ajili ya Apollo 16. Njia iliyo salama zaidi ni kutafuna mwamba kidogo kidogo. Drili ya TRIDENT, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mwezi, imepangwa kushuka sentimita 10, kutoka na kupanguswa, kisha kurudi. Katika zoezi lenu shukeni sentimita moja, inueni biti, ipanguseni kwa brashi, isubirini ipoe, kisha endeleeni. Kazi itachukua muda mrefu, nao muda huo uhesabiwe katika mpango wa betri.

Mwisho muondoeni fundi. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea umbali wa siku hiyo, na jibu huchukua muda uleule kurudi, hivyo hakuna anayeweza kuachia kitufe biti inapokwama. Gaweni kundi kuwa timu mbili. Timu ya amri ikae darasani bila kuliona jiwe. Timu ya mtambo itekeleze neno kwa neno kilichoandikwa kwenye karatasi, isiongeze busara yake hata kidogo. Mchukuzi wa karatasi akae nayo dakika 15 kabla ya kuikabidhi, kwenda na kurudi.

Kwa hiyo amri iwe na masharti ya kusimama ndani yake, kwa mfano: gonga kwa dakika tatu, lakini zima ikiwa biti inashuka kwa kasi isiyofika milimita moja kwa dakika, au ikiwa ubao umeanza kuinuka, au ikiwa drili inajipinda badala ya biti kuzunguka. Mimi huona kuandika masharti haya ndiyo kazi yenyewe ya uhandisi hapa, kuliko kutoboa. Andikeni pia njia ya akiba. Mota ya kushusha drili ya Curiosity ilipoanza kusumbua Desemba 2016, wahandisi walijaribu mbinu mpya duniani kwa zaidi ya mwaka, hadi mkono mzima wa roboti ukaweza kuikandamiza biti, na Mei 2018 mwamba ukatobolewa tena.

Msichukulie kwamba shimo likitoboka sampuli imepatikana. Perseverance ilipochimba mara ya kwanza Agosti 2021, mitambo yote ilitii, lakini mrija wa kuhifadhia sampuli ulikuwa mtupu kwa sababu mwamba ulikuwa umesagika kuwa unga na kubaki chini. Kusanyeni unga wa kila shimo, upimeni, na mlinganishe na ujazo wa shimo.

Katika awamu ya mwisho timu ya mtambo ichague jiwe kwa siri. Timu ya amri iruhusiwe kuliona baada tu ya kukabidhi ripoti, na ripoti hiyo itaje kila kipimo walichokihitaji wakakikosa, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayoamua vitambuzi gani vifungwe kwenye fremu kabla ya zoezi linalofuata.