Kuchagua kitenzi cha Kiingereza unapoeleza muda kupita

Kazi yangu ni kupitia maandishi ya Kiingereza ya watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na karibu kila hadithi huwa na sentensi ya namna hii: "It passed two hours before the doctor reached." Aliyeiandika anajua Kiingereza vizuri tu. Kichwani alikuwa na "zilipita saa mbili kabla daktari hajafika", sentensi isiyo na doa, akaihamisha kama ilivyo. Kiswahili kinaruhusu kitenzi kitangulie na saa zifuate nyuma. Kiingereza kinataka saa zitangulie: "Two hours passed before the doctor came." Na "reached" nimeiondoa kwa sababu hudai kutajiwa mahali palipofikiwa.

Nyakati za msingi za Kiingereza sitazifundisha hapa. Nachukulia unazo.

Hatua ya 1: Amua nani anakaa mbele

Kabla ya kutafuta kitenzi, tafuta kiima. Mbele panaweza kukaa muda wenyewe, mtu, au tukio, na kila mmoja ana vitenzi vyake.

Muda ukitangulia, tumia "pass", "go by" au "elapse". Mtu akitangulia, tumia "spend". Hapa ndipo "nilitumia saa mbili" huwaponza wengi wakaandika "I used two hours". Andika "I spent two hours". Tukio likitangulia, tumia "last" au "take", na hivi viwili si pacha. "Take" ni ya kazi yenye kumalizika: "The repair took three hours." "Last" ni ya jambo linaloendelea lenyewe mpaka likome: mvua, maumivu, vita. Vita Kuu ya Pili ilianza 1939 ikaisha 1945, na kwa Kiswahili ni sawa kabisa kusema ilichukua miaka sita. Kwa Kiingereza sema "The war lasted six years", maana "took" inaifanya vita ionekane kama kibarua ambacho mtu alipangiwa.

Kisha angalia mkia wa sentensi. "I spent two hours writing the letter", lakini "It took me two hours to write the letter." Ukibadilisha mikia, ukaandika "I spent two hours to write", msomaji atakuelewa ila atajikwaa.

Hatua ya 2: Chagua mwendo

"Pass" haisemi kama muda ulikimbia au ulikokota miguu. Ukitaka mbio, kuna "fly by", na wakati uliopita ni "flew", kamwe si "flied". Muda ukiponyoka bila mtu kujua, "slip by". Ukikokota, "drag" au "crawl by": "The afternoon dragged." Shughuli inayorefuka mpaka ikachosha huongezewa "on": "The trial dragged on for months."

Ukubwa wa kipindi nao una sauti. Sekunde na dakika huendana na "tick by", kwa sababu ya mlio wa saa. Miezi, misimu na miaka huendana na "roll by". Miaka iki-"tick by" inachekesha kidogo, labda kama kuchekesha ndiko unakotaka.

Kitenzi ninachokipenda kuliko vyote ni "wear on", yaani kipindi kusonga polepole, na ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi. Kinataka kipindi chenye jina, kama jioni, usiku au majira ya baridi: "As the evening wore on, the guests stopped talking." Hakitaki muda uliohesabiwa, kwa hiyo "Three hours wore on" haikai sawa.

"Elapse" iache kwenye mikataba, ripoti na maabara. Watu huipachika kwenye hadithi za mapenzi ili ionekane nzito, nami huifuta kila ninapoikuta.

Hatua ya 3: Linganisha nyakati mbili za sentensi

Hapa usiharakishe. Chukua "Miaka mitatu imepita tangu aondoke." Kiambishi -me- kinakupa "have passed", na hapo hakuna ugomvi: "Three years have passed since she left." Ugomvi uko baada ya "since". Kuondoka kulitokea mara moja kukaisha, kwa hiyo ni "left" tu. "Since she has left" ni kosa, hata kama upande wa kwanza una "have" na unajisikia kuzilinganisha. Ila kama jambo lililo baada ya "since" bado linaendelea, "have" inarudi: "I've laughed more since I've known her." Kumjua hakujaisha.

Hadithi ikiwa yote ya wakati uliopita, "have" inageuka "had": "Three years had passed since she left." Wengine huandika "since she had left". Halina ubaya, ila mimi napunguza "had" kila ninapoweza, kwa sababu zikirundikana aya nzima inakuwa nzito.

"Ago" haikai na "have" ya aina hii. "She left three years ago", basi. Wala usiseme "She has been away since three years". "Since" hutaja pale jambo lilipoanzia, kwa mfano 2019 au Jumatatu. Urefu wa muda unabebwa na "for": "She has been away for three years."

Kuna na hili linalotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu: "nina miaka mitatu hapa". Ukiandika "I have three years here", Mwingereza ataelewa kwamba umebakiza miaka mitatu, au umepewa miaka mitatu ukae. Maana inapinduka kabisa, na hakuna kosa la kisarufi la kumzindua msomaji. Andika "I have been here for three years".

Umoja na wingi: "Three years have passed", lakini "Three years is a long time." Kwenye ya kwanza miaka inapita mmoja mmoja. Kwenye ya pili imekuwa fungu moja.

Vitenzi vya muda kupita usivitie kauli ya kutendwa. "Two hours were elapsed" haipo kabisa, na "Two hours were passed" inadai kuwe na mtu aliyezipitisha. Pia usichanganye "passed" na "past". "Two years have past" ni kosa, na kikagua tahajia kinaweza kuliachia lipite kwa kuwa "past" ni neno halali.

Hatua ya 4: Muda kufika na muda kwisha

"Muda ukafika" ni "The time came". "Muda umekwisha" ni "Time is up" kwa mtihani, na "We have run out of time" kwa mengine yote.

Hatua ya 5: Hakiki kwa kamusi ya wanafunzi

Kamusi ya visawe ifunge. Itakuwekea "pass", "elapse" na "lapse" foleni moja, wakati "lapse" ndiyo unayoihitaji bima inapokoma kwa kutolipiwa. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza, kama Longman au Oxford Learner's. Kila kitenzi kina alama ya kuonyesha kama ni elekezi (kinachotaka yambwa) au si elekezi, pamoja na mifano. Ukibaki na shaka, ingia COCA, hazina ya matini za Kiingereza cha Marekani yenye zaidi ya maneno bilioni moja, utafute "evening wore on" kisha "three hours wore on" ulinganishe.

Hatua ya 6: Jaribu kukifuta

"Two hours passed and then the train came" inaweza kuwa "Two hours later the train came." Kama kungoja kwenyewe hakuna jambo, kitenzi kiondoke. Kama abiria anakimbia kitu na kila dakika inamuuma, kiache, tena kipe nguvu: "The minutes crawled by."